Je, Wajua Ngazi ya Zege Huvunjikia Wapi?

Ngazi tatu za zege mbele ya nyumba, zenye upana wa sentimita 120, kimo cha sentimita 15 kila moja na kikanyagio cha sentimita 30, zina uzito unaokaribia kilo 780 iwapo ndani yake ni zege tupu. Hesabu yake ni nyepesi: mita moja ya ujazo ya zege ina kilo 2,400 hivi, na ngazi hizo hula karibu theluthi moja ya mita hiyo. Ni uzito wa mifuko kumi na mitano ya saruji na zaidi, umeshikamana kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana mwenye nyumba wa Ngara mjini anayetaka kuibadilisha nyumba yake sura, apanue kibaraza, abandike vigae, ainue sakafu, hugundua kwamba kujenga kipya si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kukiondoa cha zamani.

Ngara ni wilaya ya vilima virefu, na nyumba nyingi zimechongewa nafasi kwenye mteremko. Upande wa mlimani mlango unakaribiana na ardhi, upande wa bondeni msingi unapanda hata kufika kifuani, na ngazi zinaweza kuwa sita au saba. Katika wilaya jirani ya Biharamulo, mahali ardhi ilipotulia, mbili au tatu zinatosha. Kotekote ngazi ndiyo kazi ambayo fundi huifanya mwishoni, wakati fedha za mwenye nyumba zimekwisha kupungua na saruji iliyobaki inapimwa kwa karai. Jambo hilo la mwisho lina maana kubwa kwa atakayekuja kuzivunja.

Watu husema zege limekauka. Ukweli ni kwamba zege hukomaa kwa kunywa maji. Saruji ni mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi vilivyochomwa pamoja kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, kisha vikasagwa na jasi kidogo. Unga huo ukikutana na maji, silikati za kalsiamu zilizomo huyashika na kugeuka kuwa umbile jipya, nyuzi na vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo husokotana kuzunguka kila chembe ya mchanga na kila kokoto. Wahandisi hulipima zege baada ya siku 28, lakini kazi hiyo ya ndani haikomi siku ya 29. Maadamu kuna unyevu na chembe za saruji ambazo hazijapata maji, zege huendelea kukaza polepole kwa miaka. Mkoa wa Kagera, zilimo Ngara na Biharamulo, hupata mvua za vuli na mvua za masika, na ngazi za nje zinanyeshewa zote. Kwa hiyo ngazi yenye miaka 30 iliyochanganywa vizuri inaweza kuwa ngumu kuliko siku fundi alipoondoka na ndoo yake.

Zege lililojenga kituo cha umeme wa maji cha Rusumo, pale Mto Kagera unapoporomoka kwenye mpaka wa Ngara na Rwanda, ni la ukoo mmoja na hilo la mlangoni pako. Kituo kile kina uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kemia yake ni ileile ya ngazi. Tofauti iko kwenye vipimo, usimamizi na ubora wa kokoto.

Joseph Aspdin, fundi wa Leeds nchini Uingereza, alipata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824. Tanzania ilianza kutengeneza ya kwake katika kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Kutoka Dar es Salaam hadi Ngara ni zaidi ya kilomita 1,200 za lori, na kila kilomita iliongeza kitu kwenye bei ya mfuko. Nadhani hapo ndipo tabia ya ngazi nyingi za zamani za huku ilipotoka: ndani zege la kubana matumizi, mchanga na mawe mengi kwa saruji kidogo, juu ngozi ya saruji tupu iliyosuguliwa ikang'aa, yaani niru. Mvunjaji asiyelijua hilo hupiga mapigo mawili ya kwanza, nyundo inaruka, naye anakata tamaa. Anayelijua huibandua niru kwanza kwa tindo, akianzia kwenye kona, halafu anakuta moyo wa ngazi ni laini kuliko alivyoogopa.

Kabla saruji haijazagaa bara, majengo ya mawe kwa kawaida yalifungwa kwa chokaa au udongo. Boma la Wajerumani pale Biharamulo, la mwanzoni mwa karne ya 20, ni la zama hizo. Ngazi iliyofungwa kwa chokaa hukuachia jiwe mojamoja, na kila jiwe linaweza kurudishwa mahali pake. Kwa jengo lenye umri na historia ya namna hiyo, ombi langu ni moja: asiguse mtu ngazi kwa mtaimbo kabla ya kuzungumza na wanaosimamia mambo ya kale. Nchi ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na ngazi iliyokanyagwa kwa miaka mia moja na ushei hairudi ikishavunjwa. Ukiziba pengo lake kwa saruji ngumu unaongeza dhara lingine, maana ukuta wa chokaa hupumua unyevu na saruji huufungia unyevu huo ndani.

Turudi kwenye zege la kawaida. Chukua chaki ya darasani. Ibane kwa vidole kwenye ncha zake mbili, ukandamize kuelekea katikati: inastahimili. Ikunje kidogo tu: imekatika. Zege lina tabia hiyohiyo. Nguvu yake ya kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kustahimili kubanwa. Kitu kinapokunjwa, upande mmoja hubanwa na upande wa pili huvutwa, na ufa huanzia upande unaovutwa. Hili ndilo jibu la swali la kichwa cha makala haya, na kila mbinu nzuri ya kuondoa ngazi za zege ni namna mojawapo ya kulifanya zege livutwe.

Sasa mtazame kijana anayeipiga ngazi nyundo ya kilo sita katikati ya kikanyagio. Chini ya ngazi kuna udongo ulioshindiliwa na nyayo za miaka. Pigo linalibana zege dhidi ya udongo, zege linalipokea pale penye nguvu zake zote, na mshindo uliobaki unamezwa na ardhi. Jioni kijana ana malengelenge na ngazi ina vidonda vidogo vyeupe. Nguvu anazo, lakini amezielekeza mahali ambapo zege halina shida.

Fundi mzoefu huanza kwa sururu na chepe. Anachimba pembeni mwa ngazi ya chini kabisa mpaka aone tumbo lake, anaendelea kuutoa udongo chini kadiri anavyoweza, lakini hapenyezi mkono wala mguu humo. Kisha anaingiza mtaimbo, anaweka jiwe dogo la kuegemea, anaunyanyua ukingo wa zege sentimita moja au mbili, na mwenzake anachomeka jiwe lingine kwenye pengo lile. Sasa kipande hakijalala tena juu ya ardhi, kimening'inia. Uzito wake wenyewe umekwisha kuanza kukivuta upande wa chini. Nyundo ileile ya kilo sita, ikishuka kati ya jiwe na mwisho wa kipande, inakikata kwa mapigo machache. Tofauti ya sentimita moja ya hewa chini ya zege ni kubwa kuliko tofauti ya nyundo ya kilo nne na ya kilo sita.

Kabla ya hapo lakini kuna upelelezi. Ngazi za huku nimezigawa katika aina tatu. Zipo za mawe au matofali ya kuchoma yaliyopangwa, katikati yakajazwa kifusi, juu likamwagwa zege jembamba. Ukizigonga kwa nyundo ndogo zinatoa sauti ya uwazi pale kifusi kiliposhuka. Zipo za zege tupu, ambazo sauti yake ni kavu na fupi. Na zipo zenye nondo, hasa pale ngazi zilipo nyingi na fundi akaogopa zisipasuke. Hizi ndizo zinazotaka subira, kwa sababu nondo huchukua kazi ile ambayo zege haliiwezi, yaani kuvutwa. Utapasua zege lote na bado vipande vitaning'inia kwenye chuma. Hapo grenda inahitajika ili kukata nondo mojamoja kila inapofunuliwa.

Jambo la kuangalia kuliko yote ni pale ngazi inapokutana na nyumba. Kukiwa na ufa ulionyooka kati ya ngazi na ukuta, shukuru. Maana yake ngazi ilimwagwa baadaye, ikashuka peke yake pamoja na udongo wake, na itaondoka bila kudai kitu. Kama hakuna ufa, huenda ngazi ilimwagwa pamoja na jamvi la kibaraza, au nondo zake zimeingia kwenye mkanda wa msingi. Kosa linaloumiza nyumba hufanyika hapa: mtu anaegemeza mtaimbo kwenye ukuta na kuisukuma ngazi nje. Ukuta wa matofali ya kuchoma hauna nondo ya kupinga kuvutwa, na ufa utakaotokea utapanda mpaka kwenye dirisha. Ngazi ya namna hiyo hutenganishwa kwanza kwa kukatwa mstari sambamba na ukuta, kwa grenda yenye diski ya zege au kwa tundu nyingi za drili zilizopangwa karibukaribu, na kipande cha mwisho kinachogusa ukuta hung'olewa kwa tindo na nyundo ndogo. Kuvunja kote huelekea nje, mbali na nyumba.

Sehemu kubwa ya Ngara imekaa kwenye miamba ya ukanda unaoitwa Karagwe-Ankole, wenye migongo ya kwatsaiti, jiwe ambalo karibu lote ni kwatsi. Biharamulo ina sehemu iliyo juu ya miamba ya kale zaidi yenye dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza kazi humo mwaka 2005. Kwatsi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Ikiwa kokoto za ngazi yako zilipondwa kutoka kwenye mawe hayo, ncha ya drili itaisha haraka kuliko ulivyotegemea, na ufa utapendelea kupita pembeni mwa kokoto kuliko kuzikata. Tazama kipande kilichovunjika: kama kokoto zimechomoka nzima na kuacha vishimo, saruji ilikuwa kidogo, na kazi iliyobaki itakuwa nyepesi. Kama kokoto zenyewe zimekatika katikati, umekutana na zege la mtu aliyejua kazi yake.

Wavunja mawe wa Afrika Mashariki wana mbinu ya zamani ya kuwasha moto juu ya mwamba mpaka ubanduke. Mbinu hiyo ina sayansi ndani yake: joto hulitanua tabaka la juu wakati la chini bado limepoa, na kwatsi yenyewe hubadilisha umbo na kuongezeka ujazo ghafla ifikapo nyuzi 573. Machimboni, mbali na watu, inafanya kazi. Mbele ya nyumba ni hatari tupu. Zege lina maji yaliyofungwa ndani, maji hayo hugeuka mvuke, mvuke ukikosa njia hulirusha zege vipandevipande kwa mlipuko, na ukuta wako uko nusu mita kutoka hapo.

Ipo njia nyingine isiyo na moto wala kishindo, nayo inapendeza kwa yeyote anayependa kuona kemia ikifanya kazi ya misuli. Ni unga wenye chokaa isiyozimwa, uliotengenezwa maalumu kwa kupasua miamba na zege. Unatoboa tundu kwa mstari, unakoroga unga na maji, unajaza, unaondoka. Chokaa ikinywa maji hutanuka. Kwa kuwa iko ndani ya tundu haina pa kwenda isipokuwa kuzisukuma kuta za tundu hilo, na shinikizo lake hufikia zaidi ya mara kumi ya lile ambalo zege linaweza kulihimili kwa kuvutwa. Kesho yake unakuta nyufa zimeunganisha tundu moja na lingine. Chokaa ya kawaida ya kupaka ukuta haifai kwa kazi hii, na hata ule unga maalumu hutaka miwani na glavu, maana unaweza kuruka kutoka kwenye tundu na kuunguza macho.

Lililo muhimu kuliko mbinu zote hizi ni vumbi. Ukikata zege lenye kwatsi bila maji, hewa hujaa chembe za silika ndogo kiasi kwamba pua haizikamati. Zinafika chini kabisa kwenye mapafu, mwili unazizungushia makovu, na makovu hayo hayaponi. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa, na humfanya mtu awe rahisi kushikwa na kifua kikuu. Ngazi moja haitamuua mwenye nyumba. Lakini saidia fundi havunji ngazi moja. Anavunja hii leo, kesho yuko kwa jirani, na wiki ijayo yuko kwenye machimbo ya kokoto. Kitambaa alichojifunga usoni hakizuii chembe za ukubwa huo. Maji yanasaidia sana: mwenzake amwagilie mstari wa kukata kwa kopo, na zege lilowe kabla ya nyundo kushuka. Barakoa iliyotengenezwa kwa vumbi laini na miwani ya kukinga vipande ni gharama ndogo ukilinganisha na bei ya vigae unavyotaka kubandika. Tangu 2003 nchi ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, nayo ni ya kuheshimiwa hata kwenye kibaraza cha mtu. Mtu anayekuvunjia ngazi zako anastahili kurudi kwake na mapafu aliyokuja nayo.

Mara nyingi si tamaa ya sura mpya inayoziua ngazi. Zinakuwa zimekwisha kufa. Zege bichi lina ukali wa alkali wa pH 12 au 13, na ndani ya ukali huo nondo hujivika utando unaoizuia kutu. Hewa ya ukaa huingia polepole kupitia vitundu vya zege, inakutana na chokaa iliyomo na kuipoza. Upozaji huo ukifika kwenye nondo, utando unakwisha, na maji ya bati yanayodondoka kutoka kwenye paa lisilo na gata humalizia kazi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi sita, na hivyo huvuta zege kutoka ndani, pale pale penye udhaifu wake. Ukiona ukingo wa ngazi umebanduka na mstari wa rangi ya udongo mwekundu unachuruzika, usihangaike kuziba kwa plasta. Plasta itabanduka pamoja na kutu.

Ukishaiondoa ngazi, angalia kilichokuwa chini yake kabla ya kufunika tena. Mara nyingi utakuta njia za mchwa. Kifusi chenye udongo, kilichofunikwa, chenye unyevu, kikiegemea ukuta karibu na fremu ya mlango, ni makao ambayo mchwa hawezi kuyaacha. Zege halimlishi, lakini ufa wa milimita moja au mbili unamtosha kupita akielekea kwenye mbao. Vipande vya mbao vya fomu vilivyosahauliwa humo ndivyo vinavyomkaribisha. Vitoe vyote, pamoja na mizizi na majani. Weka pia njia ya muda ya kupita, yenye mbao pana na kitu cha kushikia, kwa sababu mlango uliobaki ukining'inia sentimita 60 juu ya ardhi ni mtego kwa bibi na kwa mtoto usiku.

Vifusi visitupwe korongoni. Vipande vikubwa ni mawe mazuri ya kushindilia chini ya jamvi jipya, na kwenye mteremko hufaa kuzuia maji yasichimbe njia. Visirudishwe kuwa kokoto za zege lenye nondo, kwa kuwa vimebeba vumbi na saruji ya zamani inayonyonya maji. Nondo zilizokatwa zina mnunuzi wake kwenye chuma chakavu.

Na ngazi mpya? Kanuni ya kuzipima imekuwepo tangu karne ya 17, ilipoandikwa na msanifu wa Ufaransa François Blondel: kimo mara mbili ukijumlisha kikanyagio kilingane na hatua ya mtu. Siku hizi huhesabiwa sentimita 60 hadi 65. Kimo cha 16 na kikanyagio cha 30 kinakupa 62. Muhimu kuliko namba zenyewe ni kwamba vimo vyote vilingane, pamoja na kile cha mwisho kinachoingia mlangoni, ambacho hubadilika kila mtu anapobandika vigae ndani na kusahau kuongeza unene wake kwenye hesabu. Mguu hukariri kimo cha ngazi mbili za kwanza na hautazami tena. Sentimita mbili za ziada zinatosha kumwangusha mtu. Kikanyagio kiinamishwe kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi ukutani, na ngazi itenganishwe na msingi kwa ukanda mwembamba wa karatasi ya lami au nailoni, ili kila kimoja kishuke kwa wakati wake. Zege likishamwagwa, lifunikwe kwa magunia au majani ya migomba, na limwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Na pale nafasi inaporuhusu, pembeni mwa ngazi pawekwe mteremko wa sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo, ili anayekuja kwa kiti cha magurudumu aingie kwa mlango uleule.